Usikate Bahasha: Kukusanya Mihuri ya Posta Ndogo za Kanda ya Ziwa

Mtu akikuletea bahasha kuukuu yenye stempu, kwanza mzuie asiikate. Ndugu na majirani wakisikia unapenda mambo ya posta, wanakaa na mkasi, wanakata pembe yenye stempu, wanajaza vipande kwenye mfuko na kukuletea kwa furaha. Nusu ya muhuri uliogongwa na posta imebaki kwenye karatasi waliyoitupa, pamoja na anwani, pamoja na mihuri ya mgongoni. Stempu kama hiyo waliyoiokoa zipo kwa maelfu. Bahasha waliyoitupa huenda ilikuwa moja tu.

Nilikuwa karani wa masjala kwenye ushirika wa pamba, kwanza Ngudu, baadaye Mwanza mjini, hadi kustaafu. Asubuhi nilifungua mfuko wa barua ulioletwa na tarishi kutoka posta, nikachana bahasha kwa kisu, nikagonga muhuri wetu wa IMEPOKELEWA, nikaandika kwenye rejista na kupeleka kila barua kwenye jalada lake. Bahasha tupu zilikuwa za kuwashia jiko la chai. Nilimwomba katibu ruhusa ya kubaki nazo, akakubali, na mkusanyo wangu ulianza hapo. Ninayoyaeleza ni ya mtu aliyeshika bahasha nyingi kwa mikono yake, na ambaye bado anatamani wengine wa kanda hii waingie kwenye kazi hii kabla mchwa hawajamaliza yaliyobaki.

Kwa nini posta ndogo

Muhuri wa Mwanza mjini, Kisumu au Entebbe utaupata bila jasho. Barua nyingi zilitoka huko, na wafanyabiashara, serikali na misheni walizihifadhi. Uadimu uko kwenye ofisi za pembeni: Nansio kisiwani Ukerewe, Ngudu, Maswa, Biharamulo, Tarime, Shirati, na ofisi zilizoishi kwa sababu ya mgodi au kiwanda cha kuchambua pamba. Mgodi wa zamani wa Geita ulipofungwa mwaka 1966, watu walitawanyika na barua zao zikapungua. Mahali kama hapo muhuri wa kabla ya kufungwa na wa baada yake unasimulia mambo mawili tofauti ingawa jina ni lilelile.

Uadimu hupimwa kwa maswali mawili. Barua ngapi zilipita kwenye kaunta ile? Na kati ya hizo, ngapi zilipata mtu wa kuzitunza? Swali la pili ndilo zito zaidi kwetu. Kuna ofisi iliyogonga barua kila siku kwa miaka mingi, lakini wapokeaji wake walikuwa wakulima waliosoma barua, wakaikunja, wakaiweka darini juu ya moshi wa jikoni. Kwa hiyo usidhani kwamba ofisi iliyokuwa na kazi nyingi muhuri wake ni wa kawaida leo.

Ushauri wangu kwa anayeanza: chagua eneo dogo. Chagua wilaya moja, au kisiwa kimoja, au njia moja ya meli. Mkusanyo wa posta zote za dunia ni rundo. Mkusanyo wa posta za wilaya ya Kwimba tangu wakati wa Mwingereza hadi leo ni historia ambayo huenda hakuna mtu mwingine aliyeipanga.

Kuusoma muhuri

Muhuri wa kawaida wa kaunta ni duara. Jina la ofisi limepinda juu, jina la nchi limepinda chini, tarehe iko katikati. Wakati mwingine kuna herufi moja au namba ndogo juu ya tarehe; hiyo hutofautisha muhuri mmoja na mwenzake katika ofisi yenye mihuri zaidi ya mmoja. Iandike hata kama huijui maana yake, kwa sababu siku ukipata bahasha ya pili yenye herufi tofauti utakuwa umegundua muhuri wa pili.

Nchi iliyoandikwa chini ndiyo itakayokupa zama. Wakati wa Mjerumani, Mwanza iliandikwa MUANSA na Shirati SCHIRATI, na chini DEUTSCH-OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Stempu za wakati huo nazo ni saa: zile zenye picha ya meli Hohenzollern zilitoka mwaka 1901 kwa pesa (hilo ni jina la sarafu ndogo ya wakati huo) na rupia, na kuanzia 1905 thamani zikawa kwa heller, heller 100 kwa rupia moja. Ukiona stempu ya heller ina tarehe ya 1903, weka chini, rudisha pesa yako mfukoni.

Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916. Kwa stempu za miaka iliyofuata tafuta herufi G.E.A. (jina la koloni hilohilo kwa Kiingereza, German East Africa) zilizopigwa juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda. Mwaka 1922 zikaja stempu za kichwa cha twiga zenye jina la Tanganyika, nzuri kupita kiasi, na twiga aliyegongwa vizuri na muhuri wa posta ndogo ya ziwani ni kitu cha kukukosesha usingizi. Tangu 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja. Katika zile za kwanza kuna mashua yenye tanga ndani ya Ziwa Victoria, ya senti 5 na ya senti 50. Itazame ile ya senti 5 kwa lenzi: kuna ambayo kamba imegusa tanga na kuna ambayo haikugusa. Mimi huwa natafuta mashua hiyo iliyogongwa na ofisi ya ufukweni, maana hapo picha na mahali vinakutana.

Tarehe za Waingereza zinasumbua wageni kwa sababu ya miezi iliyofupishwa kwa herufi mbili. JU ni Juni, JY ni Julai. MR ni Machi, MY ni Mei. SP ni Septemba. Wino ukijaa, JU na JY hufanana kabisa, kwa hiyo usiandike mwezi kwa kubahatisha. Andika alama ya kuuliza, au tafuta msaada kwenye muhuri wa kufikia, ule uliogongwa na ofisi iliyoipokea barua.

Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, ikawa jamhuri 9 Desemba 1962, ikaungana na Zanzibar 26 Aprili 1964. Linganisha daima jina la nchi kwenye muhuri na tarehe yake. Kifaa cha chuma hakibadilishwi siku sheria inapobadilika. Lazima kiagizwe, kichongwe, kisafirishwe hadi wilayani. Nafasi hiyo kati ya mabadiliko ya nchi na mabadiliko ya chuma ndiyo shamba la mkusanyaji. Ukiweza kuonyesha kwa bahasha ni lini ofisi fulani iliacha muhuri wa TANGANYIKA na kuanza wa TANZANIA, umefanya kazi ya mtafiti.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa leo hulistaajabia. Stempu za Tanzania za samaki zilizotoka Desemba 1967, na za vipepeo za 1973, ziliruhusiwa kutumika Kenya na Uganda pia, na za kwao zilitumika kwetu. Kwa hiyo samaki wa Tanzania mwenye muhuri wa Kisumu si kosa la karani. Ni ushahidi wa ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikiwa hai, na Jumuiya hiyo ilivunjika 1977. Kwa sisi tulio kandokando ya ziwa, ambao ndugu zetu wako pande zote tatu, bahasha za namna hiyo zingepaswa kutafutwa kwa bidii kuliko zinavyotafutwa.

Geuza bahasha

Mbele ya bahasha unaona barua ilikotoka. Nyuma mara nyingi unaona ilikopita na ilikofika. Hasa barua za rejista: kila ofisi iliyoipokea iligonga mgongoni, ili ikipotea ijulikane imepotelea wapi. Nina bahasha ya rejista iliyotoka Nansio kwenda Bukoba, imepigwa Nansio mbele, Mwanza nyuma, na Bukoba nyuma pembeni. Kwa mihuri mitatu hiyo unaweza kuisafirisha tena barua kichwani: ikasubiri chombo cha kuitoa kisiwani, ikalala Mwanza, ikapanda meli ya usiku kuelekea magharibi. Tofauti ya siku kati ya muhuri na muhuri ni ratiba ya meli ambayo huenda imeshapotea kila mahali pengine.

Njia zenyewe zilibadilika, na bahasha inakumbuka. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Katikati ya miaka hiyo mlango wa Mwanza kuelekea Ulaya ulikuwa ziwani: meli hadi Kisumu, treni hadi Mombasa, halafu bahari. Bahasha ya Mjerumani iliyotoka Muansa ikiwa na muhuri wa DEUTSCHE SEEPOST OST-AFRIKA-LINIE inakuambia ilipanda meli ya Kijerumani baharini. Ukipata bahasha ya Mwanza ya miaka ya 1920 na nyingine ya miaka ya 1930 zote za kwenda Ulaya, ziweke ukurasa mmoja na usome migongo yake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili vijana wengi wa kanda hii walikuwa jeshini, na barua zao zilipita posta za jeshi. Muhuri wenye herufi E.A. A.P.O. na namba ni wa posta ya jeshi la Afrika Mashariki. Jina la mji halipo kwa makusudi, adui asijue. Ukiona pia karatasi iliyobandikwa ukingoni au alama ya mkaguzi, usiibandue. Ni sehemu ya safari ya barua.

Usidharau pia alama zisizo za posta. Ule muhuri wetu wa IMEPOKELEWA ulikuwa na tarehe, na mara kadhaa umenisaidia kujua mwaka pale muhuri wa posta ulipofutika. Namba ya S.L.P. kwenye anwani, jina la kampuni lililochapwa pembeni, bei iliyoandikwa kwa penseli na karani wa posta, vyote viache vilivyo.

Wapi pa kuzipata, na namna ya kuomba

Hapa ndipo panapotaka muda na adabu kuliko pesa. Anza na familia yako: masanduku ya bati chini ya kitanda, mikoba ya ngozi ya waalimu wastaafu, Biblia na misahafu, kwa maana watu waliweka barua ndani ya vitabu walivyoviheshimu. Kisha nenda kwa wastaafu wa ushirika, reli, meli na ualimu. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Musoma kwenda Sengerema kwenda Ukerewe aliandikiwa barua kote huko, na wengi wao hawakutupa karatasi.

Maduka ya zamani ya mjini Mwanza, hasa yale yaliyorithiwa baba kwa mwana, yana ankara na bahasha za miaka mingi darini. Parokia na misheni za zamani nazo zina maktaba. Huko usiombe kuchukua, omba kuona na kupiga picha, na umwachie paroko au mchungaji orodha ya ulichokiona ili nao wajue wana nini. Pale Mlango Mmoja, kati ya mitumba na vitu chakavu, huwa nauliza wauza vitabu na wanunuzi wa makaratasi kama wamepata mafaili. Wakishajua unatafuta nini wanakuwekea.

Kwa mzee usianze na bahasha. Msalimie, kaa, uliza habari za nyumbani. Kwa mzee wa Kisukuma asubuhi, "Mwangaluka" inafungua mlango. Nilipokwenda kwa bibi mmoja Ukerewe, mjane wa karani wa posta, mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Karibu. Wewe ni wa nani?"

Ilibidi nimweleze ukoo wangu, nilikofanyia kazi, na nani tunajuana naye, kabla hajaniuliza nataka nini. Nilipomweleza, akasema, "Barua za marehemu siwezi kutoa." Nikamwambia, "Sitaki barua zake, bibi. Zitoe ubaki nazo. Naomba bahasha tu, na kama hutaki, naomba nizipige picha hapa hapa mbele yako." Akacheka, akaniletea boksi. Barua akazitoa yeye mwenyewe, moja moja.

Fanya hivyo kila mara. Barua ni mali ya familia, na ndani yake kuna madeni, magonjwa, ndoa zilizovunjika. Usisome usiporuhusiwa. Ukionyesha bahasha mtandaoni, funika jina la mpokeaji kama yeye au watoto wake wako hai. Na ukipewa kitu chenye thamani ambayo mwenyewe haijui, mwambie thamani yake. Nimeona watu wakipata bahasha ya Mjerumani kwa soda moja na kujisifu. Mimi naona aibu kwa niaba yao.

Mafaili ya serikali usiyaguse. Kumbukumbu za ofisi za umma zinalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002, hata zikiwa zimerundikwa stoo na kunyeshewa. Mtu akikuuzia bahasha zenye jina la ofisi ya wilaya, uliza zilitokaje. Asipokuwa na jibu, usinunue.

Kugongesha mihuri ya leo

Watu husahau kwamba muhuri wa leo ni historia ya kesho, na ofisi ndogo zinaendelea kufungwa au kugeuzwa wakala. Ukiwa na safari, beba bahasha zako. Kwenda Sengerema na Geita sasa unapita Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, hakuna tena kusubiri kivuko. Kwenda Ukerewe bado kuna meli ya Mwanza–Nansio au njia ya Bunda kwa kivuko cha Kisorya–Rugezi.

Andaa bahasha nyumbani. Andika anwani yako mwenyewe, na S.L.P. yako, chini kidogo upande wa kushoto ili pembe ya juu kulia ibaki wazi. Weka kadi ngumu ndani: muhuri unaogongwa juu ya bahasha tupu huvunjika katikati kwa sababu karatasi inabonyea. Nunua stempu kaunta hiyohiyo, kwa nauli kamili ya siku hiyo, na chagua zenye rangi nyepesi. Kwa penseli laini chora duara hafifu mahali unapotaka muhuri ukae. Mimi napenda theluthi moja iwe juu ya stempu na theluthi mbili juu ya karatasi; hapo muhuri umeifunga stempu kwenye bahasha, na jina linasomeka lote kwenye weupe.

Fika saa ambayo hakuna foleni. Mwambie karani unachotaka kwa maneno ya wazi: "Habari za kazi, dada. Mimi nakusanya mihuri ya posta. Naomba unigongee hii taratibu, jina la posta lisomeke." Mwombe ajaribu kwanza kwenye karatasi chakavu, aone kama tarehe ni ya leo na kama wino umekolea. Herufi kama A, B na O hujaa masizi ya wino. Karani mwenye moyo atazisafisha kwa brashi. Hatua hii ya karatasi chakavu inaokoa bahasha nyingi. Iombe hata kama unaona haya.

Tuma moja kwa barua ya kawaida na nyingine kwa rejista. Ya rejista itakupa risiti na lebo, na risiti hiyo nayo iweke kwenye mkusanyo. Usiondoke na bahasha mkononi baada ya kugongwa ukidhani umeiokoa na vumbi. Bahasha iliyosafiri kweli ni kamili kuliko iliyogongwa na kurudishwa kaunta.

Ofisi usiyoweza kufika, iandikie. Weka bahasha yako yenye anwani na stempu ndani ya bahasha kubwa, na barua fupi kwa Postamasta ukieleza ombi lako na kushukuru. Usiweke pesa ndani. Zinaporudi, mwandikie tena kumshukuru. Karani wa posta ndogo ni mtu ambaye mara chache sana hupokea barua yake mwenyewe.

Usimwombe karani arudishe tarehe nyuma. Huo ni udanganyifu, unamweka yeye hatarini, na unachafua kumbukumbu. Na mtu akikuletea kifaa chenyewe cha kugongea, kile cha chuma chenye mpini, jua ni mali ya Posta.

Unyevu, kutu na mchwa

Hali ya hewa ya ziwa ni adui mpole. Huioni ikifanya kazi. Bahasha iliyokaa miaka mitano kwenye nyumba ya ufukweni hupata madoa ya kahawia, gundi ya stempu hulowa na kushika ukurasa wa mbele yake.

Ondoa kwanza chuma chote. Pini, klipu na stepla za ofisini ndizo zimeharibu bahasha nyingi za masjala kuliko maji. Ukikuta pini imeshika kutu usiivute. Ikunjue taratibu ukiwa umeweka kipande cha plastiki kati yake na karatasi. Selotepu usiiguse na usiongeze nyingine. Uchafu mkavu uondoe kwa brashi laini. Maji usitumie kabisa kwenye bahasha nzima, kwa sababu wino wa zambarau na mwekundu wa mihuri ya mpira unakimbia.

Hifadhi kila bahasha kwenye mfuko wake wa plastiki safi isiyo na harufu. Plastiki laini yenye harufu kali, ile ya majalada ya bei rahisi, hunata na kunyonya wino. Kwenye kurasa shikilia bahasha kwa pembe za karatasi, za picha, bila gundi. Albamu zisimame wima kama vitabu, kabatini mbali na ukuta wa nje, juu ya rafu ya chuma kuliko ya mbao kwa sababu ya mchwa. Vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na redio vinafaa, lakini vinachoka, vibadilishe. Na fungua albamu hewani mara kwa mara siku ya kiangazi yenye upepo mkavu, kivulini.

Daftari

Bila daftari una karatasi kuukuu tu. Kwa kila bahasha naandika: jina la ofisi kama lilivyoandikwa kwenye muhuri, herufi kwa herufi, nchi, tarehe, herufi au namba ya ndani, kipenyo kwa milimita, nikipima kwa rula angavu kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, rangi ya wino, chuma au mpira, mihuri ya nyuma, stempu, na niliipata kwa nani na lini. Muhuri wa chuma huacha mstari mwembamba mkali. Wa mpira huacha ukingo mnene uliolegea, na kipenyo chake hubadilika kidogo kulingana na mkono wa mgongaji, kwa hiyo pima mara kadhaa kabla ya kutangaza umepata muhuri mpya.

Muhuri hafifu upige picha karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukitoka ubavuni. Mjukuu wangu alinifundisha kuondoa rangi zote kwenye picha ya simu na kuongeza giza. Majina niliyoyashindwa kwa lenzi yalijitokeza yenyewe. Ukipata skana, tumia nukta 600 kwa inchi na uhifadhi pande zote mbili.

Ukinunua

Stempu za thamani kubwa za wakati wa Mjerumani zina hatari yake: baadhi ni ghali zaidi zikiwa zimegongwa kuliko zikiwa mpya, kwa hiyo wapo waliozigonga mihuri ya uongo. Linganisha tarehe na mwaka stempu ilipotoka. Tazama kama wino umekaa juu ya stempu na karatasi kwa pamoja bila kuruka. Linganisha umbo la herufi na mfano unaoaminika. Kwa kitu cha bei kubwa dai cheti. Ujerumani kuna wakaguzi wa chama cha BPP wanaofanya kazi hiyo. Stempu moja iliyobanduliwa yenye jina MUANSA safi mno, bila bahasha, bila historia, mimi huiacha.

Na zile zinazozidi usiziuze haraka. Badilishana na wenzako wa Kisumu, Homa Bay, Jinja na Bukoba. Wao wana mihuri yetu na sisi tunayo yao. Weka bahasha kati ya kadibodi mbili, funga kwa plastiki dhidi ya mvua, andika orodha ya yaliyomo na ubaki na nakala, tuma kwa rejista. Bahasha ya nje nayo mwombe mwenzako asiichane upande wenye stempu. Aipasue ubavuni, kwa kisu chenye makali, halafu akurudishie.